Somo la Kitanda cha Saba

Guylain alikwenda kwa Profesa Madeleine kuomba kiti kimoja, akarudi amepewa kazi ya kupanga viti kumi na viwili.

Alikuwa muuguzi wa watoto katika hospitali moja ya misheni upande wa Bagira. Kwa miaka kumi na minne, kila mwanafunzi wa udaktari aliyekuja pale kwa staji, kujifunza kazi kwa vitendo, alipita kwanza mikononi mwake. Yeye ndiye aliyewaonyesha namna ya kumshika mtoto mchanga bila kumtisha, namna ya kutafuta mshipa katika mkono mdogo, namna ya kumpa mama habari mbaya akiwa ameketi karibu naye na si kwa kusimama mlangoni. Hakuna karatasi yoyote iliyoandika hayo. Kwa hiyo aliposikia kwamba fakilte inafungua mafunzo ya wiki sita, ya kuwatayarisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wawe walimu wa wenzao, alivaa shati jeupe, akatia diploma yake ndani ya bahasha, akapanda pikipiki.

Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa sita. Wanafunzi waliopita walimsalimu kwa heshima, wakadhani ameleta ujumbe wa hospitali. Alipoitwa ndani, Profesa Madeleine aliisoma diploma mbele na nyuma, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Papa Guylain, uko A2," alisema kwa upole, yaani muuguzi wa ngazi ya sekondari. "Hii formation ni ya madaktari. Wawili watakaokuwa wa kwanza watabakia fakilte kama asistanti, na mwaka kesho wao wenyewe njo wataongoza. Muuguzi siwezi kumuweka, hata nikitaka."

Kisha, kama mtu anayemtafutia mgeni kitu cha kubeba, akamwambia kwamba mtihani wa mwisho utafanyika pediatri, katika wodi yake ya watoto, na kwamba hakuna anayewajua wagonjwa wa pale kuliko yeye. Atawachagulia watoto wa mtihani. Na leo, kama ana nafasi, awasaidie kupanga viti.

Guylain alisema merci. Alivipanga viti katika nusu duara kama alivyoelekezwa, na alipokuwa akitoka aliona orodha iliyobandikwa mlangoni. Majina yalikuwa manane. La tatu lilikuwa la Nsimire, mke wake, aliyekuwa amerudi kumaliza udaktari baada ya miaka ya kumlea mtoto wao.

Alijua kwamba Nsimire ameomba. Nsimire hakujua kwamba yeye pia alikwenda kuomba, na Guylain aliamua pale pale, bahasha ikiwa kwapani, kwamba hatajua kamwe.

Nyumba yao ilikuwa Kasha, vyumba viwili na kibaraza. Tangu mafunzo yaanze, Nsimire alifika saa kumi na moja za jioni, akavua viatu vyenye udongo mlangoni, na kabla hajanywa maji akaanza kufundisha. Alimfundisha Elodie, binti yao wa miaka mitano, alilifundisha kabati, aliifundisha sufuria ya sombe, majani ya muhogo yakichemka. Alijizoeza kuuliza swali na kungoja jibu bila kulitoa mwenyewe. Alijizoeza kumsahihisha mtu bila kumtukana, jambo ambalo madaktari wa Bukavu, alisema, hawajalijua bado.

"Papa Elodie, ungenisikiliza kidogo tu," alimwomba mumewe siku moja. "Uniambie kama ninaenda mbio."

Guylain alijibu kwamba amechoka, akageuza kiti chake kuelekea mlangoni. Lakini alisikia kila neno. Nsimire alikuwa mwalimu mzuri, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa mbaya, angemsaidia kwa moyo wote.

Majirani waliona kwamba Papa Elodie amenuna. Mama mmoja muuza makaa alimwambia waziwazi kwamba mwanamke anayesoma na wanaume mpaka jioni ni wa kuchungwa. Guylain hakukana. Wivu wa mwanamume juu ya mke ulieleweka na kila mtu. Ulimpa hata heshima kidogo. Wivu wake yeye haukuwa na jina la kuweza kutajwa penye makaa. Hakumwonea Nsimire wivu kwa ajili ya mwanamume yeyote. Alimwonea wivu kwa ajili ya ubao na chaki.

Katika wiki ya nne, mwanafunzi wa staji aitwaye Honoré alikuwa akimtayarisha mtoto wa kuwekewa serumu, yaani dripu. Kabla ya kumgusa alisugua viganja vyake mpaka vikapata moto, kisha akampa mtoto ule mpira wa kufungia mkono auchezee kwanza. Guylain alisimama na sinia la dawa mkononi.

"Hiyo nani alikufundisha?"

"Njo méthode Nsimire," Honoré alijibu. "Docteur Nsimire aliitoa mu formation. Profesa alipenda sana, aliiandika mu cahier ya programme. Sasa tunafanya hivyo wote."

Guylain alisema ni njia nzuri. Alipeleka sinia mahali pake, akaingia katika chumba cha dawa, akaketi juu ya katoni ya serumu na kufunga mlango. Miaka saba iliyopita, Nsimire akiwa mwanafunzi mwembamba anayetetemeka, ni yeye aliyeshika mikono yake ile baridi na kumwambia: usimguse mutoto na barafu, pasha kwanza, halafu umupe mpira acheze, atazani ni wake. Mapenzi yao yalianzia penye maneno hayo. Sasa maneno yalikuwa ndani ya daftari la fakilte, na jina lililokuwa juu yake halikuwa lake.

Nsimire hakuiba kwa makusudi. Siku ile mbele ya Profesa alikuwa amekwisha kufungua kinywa kusema kwamba hilo alifundishwa na mume wake. Lakini pembeni yake alikuwa ameketi Steve, ambaye baba yake ni daktari na babu yake alikuwa daktari, na sentensi ikageuka ikiwa bado mdomoni. "Mimi nimeona kwamba," ndivyo alivyosema. Baadaye alijipa ahadi ya kusahihisha. Kila siku iliyopita ilifanya kusahihisha kuwe kugumu zaidi, na mbele ya mumewe alizidi kuwa mchangamfu, kama afanyavyo mtu mwenye deni.

Siku moja kabla ya mtihani, Nsimire alipita pediatri ili wakubaliane juu ya mgonjwa. Wanafunzi wake watatu wangeweka serumu chini ya uangalizi wake, mbele ya juri ya watu watatu. Guylain alimwonyesha mtoto wa kitanda cha pili, mnene, mwenye mishipa inayoonekana hata kwa mbali. Nsimire alifurahi, akamshika mumewe mkono, kisha akauachia haraka kwa sababu Honoré alikuwa anapita.

Guylain aliona jinsi mkono ulivyoachiwa.

Asubuhi ya mtihani alifika kazini mapema. Mtoto wa kitanda cha saba, wa miezi minane, alikuwa ameletwa kutoka Bunyakiri siku nne zilizopita, amekaushwa na kuhara. Mama yake, Maombi, alisafiri naye juu ya lori la mbao. Mishipa ya mikono yake yote miwili ilikuwa imekwisha kuchomwa na kuvimba. Saa kumi na mbili serumu yake ilitoka. Maombi alimwita Guylain, akimwita docteur kama walivyomwita akina mama wote, na Guylain alikuja, akaangalia, akajua mahali pa kuirudishia: penye kifundo cha mguu, upande wa ndani, mshipa mmoja mzuri ambao hakuna aliyeugusa. Ingekuwa kazi ya dakika mbili.

Akamwambia Maombi ampe mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, na angoje.

Saa moja akaenda kitanda cha pili, akamwekea serumu yule mtoto mnene, vizuri sana, na bandeji safi juu yake. Hapo katika pediatri nzima akabaki mtoto mmoja tu anayehitaji kutobolewa.

Juri ilifika saa tatu. Profesa Madeleine na madaktari wawili walisimama miguuni pa vitanda na karatasi zao. Nsimire aliingia katika blouse yake nyeupe ya hospitali, iliyopigwa pasi na Guylain mwenyewe, akatazama kitanda cha pili, akaona bandeji. Akamtazama mumewe. Guylain alikuwa anasoma fiche, karatasi ya mgonjwa.

"Kitanda ya saba, Docteur," alisema bila kuinua macho. "Njo iliyobaki."

Nsimire alisimama mbele ya mtoto, na mara moja akafahamu amepewa nini. Hata hivyo alianza. Alimwomba Maombi ruhusa, akamweleza wanachotaka kufanya, akawauliza wanafunzi wake wanaona dalili gani, akangoja majibu. Alizungumza polepole, kwa sauti ya chini. Honoré alitafuta mshipa mkononi, akatoboa, damu haikuja. Mtoto alilia kilio kikavu kisicho na machozi. Nsimire alimtoa Honoré taratibu, akamwambia mbele ya wote amefanya vizuri nini na amekosea wapi, kisha akajaribu mwenyewe mkono wa pili. Mshipa ulipasuka chini ya ngozi na doa jeusi likaenea.

Daktari mmoja wa juri aliandika kitu. Guylain, aliyesimama penye dirisha, alisikia kalamu hiyo, na kwa muda mfupi sana moyo wake ulitulia kabisa, kama mtu aliyefika nyumbani. Kisha akasikia kilio, na akakumbuka kwamba kilikuwa na mwenyewe, mtoto.

Nsimire aliweka sindano chini.

"Hapa tunasimama," aliwaambia wanafunzi wake. "Mara mbili inatosha. Mwalimu ambaye anaendelea kutoboa sababu watu wanamwangalia, hafundishi tena. Tunaita mwenye anajua kutushinda." Akageuka. "Infirmier Guylain, tafadhali."

Guylain alikuja. Alipasha mikono, akaushika mguu wa mtoto, akauingia mshipa wa kifundo mara ya kwanza. Serumu ikaanza kudondoka. Maombi alimbariki kwa sauti, akamwita docteur mara tatu, akamwombea kwa Bikira Maria. Hakuna daktari aliyecheka wala kumsahihisha.

Matokeo yalisomwa saa nane. Nsimire alikuwa wa kwanza, kumi na saba kwa ishirini. Profesa Madeleine alieleza sababu: katika wanane, ni yeye peke yake aliyejua kusimama.

Mvua ilikuwa imekatika Guylain alipofika nyumbani. Nsimire alikuwa ameketi kwenye kibaraza akichambua maharage. Mlangoni majirani walikuwa wamemwachia ndizi na soda za kumpongeza, naye hakuwa amegusa hata moja. Alimwambia Elodie aende kucheza kwa jirani.

"Mutoto wa kitanda ya mbili, ulimuwekea serumu saa ngapi?"

"Saa moja."

"Na wa saba, yake ilitoka saa ngapi?"

Guylain alitafuta jibu lingine, akalikosa. "Saa kumi na mbili."

"Kumi na mbili mpaka tatu," Nsimire alisema. "Ile masaa yote mutoto alikuwa ananingoja miye."

"Nilimupa maji na kijiko."

"Papa Elodie."

Nsimire aliendelea kuchambua, akitupa mabovu uwanjani moja moja.

"Mu cahier waliandika jina yako," Guylain alisema mwishowe. "Miaka kumi na ine nawafundisha. Hata mutu mumoja hakuandika. Halafu weye njo wanaandika, na ni maneno yangu."

Nsimire alijibu kwamba analijua hilo. Alimweleza kuhusu Steve, kuhusu sentensi iliyogeuka mdomoni. Hakujitetea. "Nilisikia haya," alisema. "Sikutaka wajue kama nilifundishwa na bwana yangu, A2."

Neno lilikaa kati yao pamoja na maharage. Guylain alikuwa ameambiwa neno hilo na wakubwa wengi, hata na Profesa kwa mikono miwili, lakini lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya ua wake.

"Haya," Guylain alisema.

"Nilikukosea," Nsimire alisema. "Lakini miye nilikukosea weye. Weye ulimukosea mutoto ya wenyewe. Hatuwezi kusema ni sawasawa."

Kesho yake mchana Guylain alikwenda kitanda cha saba. Mtoto alikuwa amekojoa mara mbili tangu asubuhi na macho yake yamerudi mahali pake. Maombi alimkaribisha akae. Guylain hakukaa kitandani, alichuchumaa, akamweleza yote kwa utaratibu: mshipa aliouona, dakika mbili ambazo zingetosha, mtihani wa mke wake, wivu. Maombi alisikiliza huku akipepea mtoto na ncha ya kikwembe alichojifunga. Hakumkatiza.

"Walimutoboa mara tatu," alisema baadaye. "Ya kwanza na ya pili zilikuwa za nini?"

"Zilikuwa za miye."

Maombi alifunika miguu ya mtoto.

"Nilikuombea kwa Bikira Maria," alisema. "Sasa unataka nikuambie nini? Nikikukasirikia, magaribi nani atamupa mutoto dawa? Si ni weye? Enda umwambie mukubwa wako. Yeye njo anaweza kukukasirikia."

Guylain alikuwa amejitayarisha kwa matusi na kwa msamaha. Kwa jibu hilo hakuwa amejitayarisha. Alikwenda moja kwa moja kwa Profesa Madeleine, akiwa bado na blouse ya kazi, na safari hii hakungojeshwa. Alimsimulia kama alivyomsimulia Maombi. Habari ya njia ya kupasha mikono hakuitaja. Alikuwa amekusudia kuitaja, lakini baada ya swali la Maombi ilionekana ndogo.

Profesa alikasirika. Alimwondoa katika usimamizi wa staji kwa mwaka mzima, akaandika barua kwa mkubwa wa wauguzi, na barua hiyo ikamhamishia Guylain chumba cha watu wazima, mbali na watoto. Maksi za Nsimire alizibakisha, kwa kuwa alisimama mwenyewe bila kuambiwa. Guylain alipofika mlangoni, alimwita tena.

"Wanafunzi wangu wanajua kufanya plan ya somo," alisema. "Hawajui kama mwalimu anaweza kuumiza mugonjwa sababu ya mwalimu mwenzake. Kila mwaka ninaona inafanyika mu hospitali, na hakuna anayesema. Utakuja kuwaambia? Si punition ya kukuadhibu. Unaweza kukataa."

Guylain aliomba siku mbili za kufikiri. Alichukua tano.

Wiki tatu baadaye ukumbi ulijaa, wanafunzi sitini na zaidi, wengine wamekaa kwenye ngazi. Nsimire, akiwa sasa asistanti, ndiye aliyepaswa kumtambulisha mzungumzaji na kumtathmini. Alisimama mbele ya Steve na wengine wote, mikono yake ikiwa baridi, akasema kwamba njia wanayoiita méthode Nsimire si ya Nsimire. Ni ya muuguzi huyu, ambaye ni mume wake, na aliyemfundisha yeye mwenyewe akiwa graduat ya tatu, mwaka wa tatu wa masomo. Profesa Madeleine alifungua daftari na kukata neno moja kwa kalamu. Steve aliinama kuandika. Ilikuwa imekwisha, na haikuchukua hata dakika moja.

Kisha Guylain akazungumza. Hakuwa na karatasi. Alisema mambo kwa utaratibu wa saa: saa kumi na mbili niliona mshipa, saa moja nilifanya hili, saa tatu nilisimama dirishani. Aliwaambia jinsi moyo wake ulivyotulia aliposikia kalamu ya juri. Hapo Honoré, mstari wa pili, alifunika uso. Aliwaambia swali la Maombi, na jibu lake. Hakuomba wamhurumie, wala hakuwapa mafundisho mwishoni. Alisema "njo ile tu," akarudi kuketi.

Katika ukumbi ule hapakuwa na simu iliyowaka. Nsimire, mwenye kumi na saba kwa ishirini, alikuwa amefundisha pale mara tatu tangu ateuliwe, na mara zote tatu kulikuwa na minong'ono nyuma, na vijana wanaotoka kupokea simu. Kimya kama hiki hakuwahi kupewa. Alikitazama kikimzunguka mumewe, akasikia kitu kikimkaza chini ya mbavu. Alidhani ni huruma. Alikiacha kidogo, akakitambua.

Walirudi Kasha kwa miguu, kwa sababu barabara ilikuwa imeharibika na pikipiki zilikataa kupanda. Hawakuzungumza mengi. Nyumbani, Elodie akila, Guylain aliuliza kuhusu ile karatasi ambayo asistanti humwandikia kila anayefundisha. Alitaka aisikie.

Nsimire aliitoa mkobani, akasoma. Uliongea ukiangalia dirisha. Ulisema "serumu" bila kueleza ni serumu gani. Hukuwaachia wanafunzi nafasi ya kuuliza. Sauti ilishuka katikati, walio kwenye ngazi hawakusikia. Alisoma kwa makini, kosa baada ya kosa, na Guylain aliitikia kwa kichwa kila moja, kwa sababu yote yalikuwa kweli.

"Na pale juu?" aliuliza. "Si munaanzaka na yenye mutu alifanya muzuri?"

"Pale juu hakuna kitu."

"Hakuna hata moja?"

Nsimire aliigeuza karatasi ili aione mwenyewe: mistari mitano, mitupu.

"Zilikuwa mingi," alisema. "Nilishindwa kuandika. Nilikuwa nakuonea wivu."

Alichukua kalamu juu ya kabati, akaikalisha karatasi mezani kati ya sahani, akaanza kuandika. Guylain aliifunika ile mistari kwa kiganja chake.

"Usiandike leo," alisema. "Leo utaandika ya kunihurumia. Ngoja kwanza hiyo huruma ipungue."